Mwanafunzi wa Dawati la Nyuma

Mkaguzi wa elimu alipoingia, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa dawati la nyuma, amevaa sweta langu la shule. Mikono ya sweta ilimkomea kwenye viwiko.

Wazo lilikuwa langu, nakiri kwa unyenyekevu. Agizo jipya lilisema asiye na cheti cha ualimu akikutwa anafundisha aondoke siku hiyo hiyo, na yeye alisomea upimaji ardhi. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umebakiza wiki sita. Kabla mwalimu huyu hajaja, darasa zima tulipata sifuri kwa umoja na mshikamano.

“Nani anawafundisha hesabu?” mkaguzi akauliza.

“Tunafundishana wenyewe, mheshimiwa,” nikasema.

“Haya, njoo utufundishe.” Akanipa chaki.

Nikashuka na mlinganyo mstari kwa mstari. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa. Nikajua tumepona.

Nyuma, dawati likalia. Mwanafunzi mwenye upara alikuwa amesimama.

“Mstari wa tatu, mwanangu,” alisema. “Umesahau alama ya kutoa.”

Mkaguzi akautazama ubao, kisha ule upara, kisha akafungua kalamu.

“Na wewe,” akamwuliza taratibu, “uko kidato cha ngapi?”