Siku Upepo Ulipolala Singida

Siku upepo ulipolala, kila nyumba ya Singida iliruhusiwa kuwasha mashine moja tu. Anga ilikuwa safi, viwanda vilishamiri, na sheria haikuwa na mchezo: aliyezima mashine ya uzalishaji mara tatu alikatiwa umeme asirudishiwe tena.

Sekunda alikuwa ameshazima kinu chake cha alizeti mara mbili, ili mashine ya oksijeni ya mama mkwe wake, Bibi Tabitha, isizimike.

Asubuhi ile mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo kule mlimani yalisimama tena.

"Mwanangu, upepo upo?" kikongwe aliuliza kitandani.

"Upo, mama. Utazidi."

"Mbona sisikii mashine yangu?"

Sekunda alimfunika shuka, akatoka uani, akawasha kinu. Kiliunguruma hata asiweze kusikia kama anaitwa. Alikamua huku machozi yakimchuruzika, wala hakuthubutu kugeuka.

Alasiri upepo ukavuma. Alipoingia ndani, mashine ya oksijeni ilikuwa imejiwasha yenyewe, ikimpulizia Bibi Tabitha hewa asiyoihitaji tena.

Mlangoni karani wa umeme alipiga hodi kwa bashasha. "Hongera, mama! Leo kinu hakikuzimwa; nyumba yako imefuzu."