Kiputo Kama Punje ya Dengu

"Nishikie hiki, mama," nilimwambia mwenye kituo cha mafuta, nikampa kichupa nilichokwisha kukifunga, chenye maji niliyoyavuta kutoka kwenye shimo ambalo sisi wapimaji wa maji tulilichimba kando ya pampu zake.

Kutwa nzima alikuwa akinisema. "Mwanangu, hilo kaburi unalonichimbia lipanue kidogo, mimi ni mnene." Sikumlaumu. Nilishamweleza kwamba maji yakikutwa na petroli, kituo kinafungwa. Nilimweleza pia kwa nini kichupa lazima kijae pomoni: hewa ikibaki, petroli hutorokea humo, na maabara huona maji safi.

Nikageuka kufungua kasha la barafu. Niliponyoosha mkono nipokee kichupa, hakunipa.

Alikuwa amekipindua, amekiinua juani, anakigonga kwa ukucha. Kisha akatazama ng'ambo ya ukuta, ambako majirani walikuwa wakichota maji kisimani, ndoo zikigongana.

Mimi nilikuwa nimeshakiamini kichupa kile. Angenyamaza, nisingejua kamwe.

"Njoo uone," alisema. Kiputo kama punje ya dengu kilikuwa kikipanda taratibu ndani ya kioo.

"Mtoro wako huyo. Mwaga, ujaze upya."