Gurudumu la Mbele

Chausiku alikuwa anaongoza. Tangu aanze kazi ya baiskeli hajawahi kushinda, na mbio hizi, alizotangaza kuwa ndizo za kuagia, zilikuwa zinaishia mjini kwao. Aliyemfuata kwa karibu ni Adelina, nahodha wa timu yake.

Pa! Tairi ya mbele ya Adelina ikapasuka. Gari la vipuri lilikuwa limekwama bondeni, nyuma ya kundi.

"Chausiku!" alifoka kocha aliyepakiwa kwenye pikipiki. "Mpe mwenzio gurudumu!"

Ndiyo desturi ya timu: msaidizi humpa nahodha. Chausiku alishampa maji, koti la mvua, hata mgongo wa kujikingia upepo. Kilichobaki ni meno.

"Kocha, leo ndiyo mwisho wangu."

"Basi usituharibie mwisho."

Alishuka. Mikono yake ilichomoa gurudumu upesi, kabla moyo haujawahi kukataa. Adelina alimwachia lile bovu, akaondoka bila hata kugeuka.

"We Chausiku!" shangazi yake aliita toka kando ya barabara, amejifunga kanga mpya. "Mbona umesimama? Si ulisema unashinda?"

"Nashinda, Shangazi. Nimetanguliza gurudumu."

Watu waliangua kicheko, naye akacheka nao. Kisha akaipachika baiskeli begani, kama afanyavyo kwenye mbio za matope, akaanza kukwea kilima kwa miguu.

Shangazi ndiye aliyenyamaza kwanza. Aliliokota gurudumu bovu, akalitwika kichwani, akamfuata, huku waendeshaji wengine wakiwapita mmoja mmoja.