Asiyeingiwa na Risasi

Risasi ya kumi na saba nayo haikuua. Papa Adolphe akaiweka manette, kile kidude cha kuchezea, mezani taratibu, akijizuia asiivunje.

"Masasi haimuingie," alisema. "Kila siku anapona, Mama Véro. Kila siku!"

Véronique, akiwa mezani kwake karibu na mlango, alitikisa kichwa kwa uchungu. Alikuwa na mashine sita katika chumba chake cha michezo pale Rwambuzi, mtaa wa Bunia, na hakuna mchezo uliowapandisha wateja hasira kama huu walioubatiza Cavalier. Tangazo lake lilijigamba kwamba dunia yake iko wazi, nenda utakako, fanya utakalo. Uongo mtupu! Ukiukaribia mto, farasi anagoma. Nusu ya milango ya mji imechorwa tu ukutani. Wauza soko wana maneno matatu, wanayarudia mpaka unatamani kuwatukana. Watengenezaji walihangaika na manyoya ya farasi, mambo mengine wakayafanya ovyo ovyo.

Hayo yalivumilika. Lililomchoma Véronique ni misheni ya tatu. Komanda juu ya farasi mweupe anaingia kijijini na watu wake, wanachoma, wanaua, kisha anaondoka akicheka. Wewe mchezaji una bunduki mkononi. Mpige kichwani, mtegee bomu, msukume korongoni. Hafi.

Mgeni huyu aliyejiita Papa Adolphe alikuja kila mchana, akachukua mashine ya pembeni ili akae mgongo ukutani, akacheza misheni hiyo moja tu. Ya nne, yenye mahakama, hakuitaka.

"Tribinali sipendake," alisema.

Véronique alimwelewa. Hakujua ametoka wapi, wala hakuuliza. Siku hizi Bunia ukikutana na mtu wa makamo humwulizi alikuwa wapi wakati wa vita. Mnasalimiana, mnauziana, maisha yanaendelea. Alilokosa kuuliza alijijazia mwenyewe: huyu mzee alichomewa nyumba. Huyu ni mwenzangu.

"Miye namungojeaka nyuma ya nyumba, mu migomba," Papa Adolphe alimweleza siku moja. "Njo kwenye anapitiaka akikimbia."

Véronique hakuwa mchezaji, lakini moyo wake ukamwombea shabaha. Maana naye alikuwa na komanda wake. Mume wake, Constant, aliuawa sebuleni. Yeye akaponea dirisha la jikoni. Aliyeamrisha alijifunga kitambaa usoni na hakutoa sauti, aliamrisha kwa mkono tu. Watu wake walimwita kwa jina la vita, na jina hilo Véronique hakulisahau. Padri alipomwambia asamehe, aliitikia ndiyo, moyoni akakataa katakata. Alitaka mtu yule afe, na afe polepole. Kama hangemwona akifa kweli, basi angalau afe pale kwenye kioo.

Akampigia simu Yannick, mtoto wa dada yake, fundi wa kompyuta kule Mahagi.

"Bale ba histoire, ba hii hadithi, bamekingwa, Tantine," Yannick alisema. "Komanda, padri, ule mama wa tribinali. Bakikufa mbele ya wakati, histoire inakatika. Njo maana masasi haibaingie."

"Toa hiyo kinga."

"Ya nani?"

"Ya bote. Asipone mutu."

Yannick akashuka Ijumaa, akafanya ufundi wake, alfajiri akarudi zake. Jumamosi ilikuwa asubuhi ya salongo: mtaa mzima ulikuwa nje na majembe na mifagio, maduka yamefungwa kwanza. Véronique akaacha mlango wake wazi kidogo, akamwingiza Papa Adolphe peke yake, akasimama kando ya kiti chake ili leo aone kwa macho yake.

Mchezo ulichukua muda kufunguka, kama kawaida yake. Furaha ikamlegeza Véronique ulimi, akasema lile ambalo hakuwahi kumwambia hata dada yake.

"Papa Adolphe, miye pia niko na wangu. Ni miye nilimufungisha. Mu tribinali baliniweka nyuma ya rideau, pazia nzito, bakabadilisha sauti yangu mu micro, nikasema yote. Nilitaka bamuue. Balimupa miaka tu, na ile miaka ilishaisha. Sijue sasa iko wapi."

 Vidole vya Papa Adolphe vilitulia juu ya manette.

Kijiji kikatokea. Moshi, mayowe, na farasi mweupe huyo anakuja, akapita karibu kabisa na bunduki.

"Sasa! Mupige!" Véronique alipaza sauti.

Papa Adolphe akamwacha apite.

Akazunguka nyuma ya nyumba ya mwisho, akajibanza penye migomba. Mlango wa nyuma ukafunguka, mwanamke akatoka mbio ameinama. Véronique alimtambua, maana wateja wengine walikuwa wakimwona kila siku katika misheni ya nne, amesimama mahakamani akitoa ushahidi.

Risasi moja tu. Mwanamke akaanguka, wala hakuinuka tena.

Papa Adolphe akashusha pumzi. Kisha akageuka kitini, akamtazama Véronique usoni kwa utulivu.

"Miaka yangu yote mu prison," alisema, "nilikuwa najiulizaka iko nani nyuma ya ile rideau."

Akainuka, akaenda kufunga mlango.