Chuo cha Kumshtaki Dereva

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa saba mchana, mvua ikinyesha. Gari la wagonjwa lilifika, likasimama ng'ambo ya bonde. Dereva akazima injini. Akasema barabara imeishia hapo na yeye hana mabawa.

Pudensiana alikuwa na mimba ya miezi saba na damu zilikuwa zinamtoka. Wanaume wanane wakamlaza kwenye machela ya miti, wakateremka naye kwenye utelezi, wakapita katikati ya migomba, wakavuka kijito juu ya gogo. Nusu saa nzima. Walipomfikisha kwenye gari, alikuwa ameshanyamaza.

Tangu siku hiyo mumewe, Ambindwile, hana salamu na kiongozi yeyote. Mwenyekiti wa kijiji akimsalimu kwa ndaga, yeye anatema mate pembeni. Dereva alikataa kushuka. Mganga wa kituo cha afya alichelewa kutoa gari. Diwani anajenga ghorofa Tukuyu huku wake za watu wanabebwa kama magunia ya viazi. Na yule mhandisi wa barabara alikuja na vigingi vyake begani, akaondoka navyo.

"Wauaji wote," Ambindwile alikuwa akisema. "Tutaonana mahakamani."

Shule aliishia darasa la nne, lakini utamu wa sheria aliujua. Mwaka 2021 alishinda kesi ya shamba kwenye baraza la ardhi, peke yake, bila wakili, mbele ya watu wenye tai. Ndipo wakaanza kumwita Bwana Sheria. Tulia, binti yake wa pekee, wakati huo alikuwa shule ya bweni. Kesi alisimuliwa tu, kama baadaye alivyosimuliwa kifo cha mama yake.

Sasa Tulia amemaliza, na amechaguliwa kusoma sheria. Tena vyuo viwili, kimoja Mbeya, kingine Mwanza. Ilibidi athibitishe kimoja, na mwisho ulikuwa leo saa kumi alasiri. Akichelewa, anakosa vyote. Namba ya siri ya kuthibitishia ilitumwa kwenye simu ya baba yake, na simu ilikuwa mfukoni mwa koti la baba yake.

"Baba, naomba hiyo namba."

"Tulia kama jina lako. Chuo si kitenge, useme unachagua rangi. Kwanza tuwaulize wanafundisha nini."

Jirani yao Nsajigwa, mmoja wa wale wanane, alikuwa uani amekuja kuomba machipukizi ya migomba. Akacheka. "Bwana Sheria! Unawapigia simu maprofesa?"

"Nawapigia, ndiyo. Si wanakula kodi yangu?"

Akapiga Mbeya, akaweka spika. Ikapokewa na kijana mwenye haraka.

"Mwanangu akija kwenu, mtamfundisha kumshtaki dereva aliyemuua mama yake?"

"Atafundishwa, mzee. Kumshtaki yeyote yule."

"Umesikia?" Ambindwile akamgeukia binti yake. "Yeyote yule! Hao ndio wanaume."

Akapiga Mwanza. Akapokea mwanamke wa makamo, sauti ya taratibu. Alimwacha aseme yote: mvua, dereva, machela, gogo, diwani na ghorofa lake. Hakumkatiza hata mara moja.

"Pole sana, baba yangu," akasema mwishowe. "Sasa hebu niambie. Barabara iliishia pale kwa nini?"

Ambindwile akakata simu.

"Huyu naye ni wale wale! Mtu umefiwa, unaulizwa habari za barabara! Kwani mimi ndiye serikali? Wewe unakwenda Mbeya. Nimemaliza."

Tulia alimtazama Nsajigwa. Nsajigwa alitazama bondeni, akainama, akaokota machipukizi yake.

"Migomba yako ya chini imenawiri kweli, Bwana Sheria," akasema, akaaga.

Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Kalete cheti cha kifo cha mama yako," Ambindwile akamwambia binti. "Kipo kwenye sanduku la bati, ndani ya bahasha ya kaki. Utaondoka nacho. Siku ya kwanza tu, kabla hata hawajafungua vitabu, uwawekee mezani. Wajue umefuata nini."

Tulia akaingia ndani. Kifuniko cha sanduku kikalia. Dakika tano. Dakika kumi.

"Umelala humo? Muda unakwisha!"

Alipotoka alikuwa na karatasi mbili mkononi. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti haikuwa ya mtu aliyelia.

"Naomba namba, baba. Nakwenda Mwanza."

"Kwa yule mwanamke? Nimesema Mbeya! Mama yako angekuwa hai angekuambia…"

"Hizi zilikuwa kwenye bahasha moja," Tulia akasema.

Cheti cha kifo akakiweka kwenye kigoda. Ile ya pili, iliyokunjwa mara nne, akaikunjua. Ilikuwa na muhuri wa bluu na tarehe ya mwaka 2021. Akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayejifunza kusoma:

"Baraza linazuia barabara ya kijiji isipite katika shamba la migomba la mwombaji, Ambindwile, lililopo bondeni kando ya kijito. Vigingi vyote ving'olewe."

Akanyoosha mkono kuipokea simu.

"Siku nikiiandika hiyo kesi ya mama, baba, pale pa mshtakiwa niandike jina la nani?"