Alama ya Mtoto Udongoni

"Mama, humu hamuna kitu," alisema mchimbaji, akiegemea koleo lake ndani ya kaburi.

Makaburi ya upande ule wa Kolwezi yalikuwa yakihamishwa, kwa sababu mgodi ulikuwa umeyafikia. Wafiwa wengine walipata mifupa ya watu wao wakaenda nayo. Adèle alikuja kumchukua mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa jioni akafa kabla hakujapambazuka. Baba wa mtoto alikwisha kufariki, na picha haikupigwa. Duniani kote, uso ule ulikuwa umebaki machoni pa Adèle peke yake.

"Pengine mulikosea pahali," mchimbaji alisema kwa upole. "Tufunike?"

Adèle alivua viatu, akashuka shimoni mwenyewe. Udongo wote ulikuwa mwekundu, ila chini kabisa palikuwa na alama nyeusi, yenye urefu wa mkono wake toka kiwiko hadi vidole. Aliigusa. Ilikuwa ya baridi, laini kama unga uliokandwa.

Alitandika kitenge, akaanza kuchota udongo ule kwa viganja, taratibu, kuanzia miguuni.

"Mama, hii ni bulongo tu."

"Mi nilimuzaa," alijibu bila kuinua macho. "Namujua."

Mchimbaji aliweka koleo chini, akavua kofia, akapiga magoti mbele yake.

"Nimushike wapi?" aliuliza.

"Umushike kichwa muzuri," Adèle alisema. "Shingo yake haiyakomaa."