Jina la Kibanda cha Supu

Sheria ilisema jina la biashara liwe lile tu ambalo halijatamkwa na mtu mwaka mzima, na mashine za usajili zilisikia kila mdomo. Mbaruku, muuza supu, alikwenda kuomba jina la marehemu mkewe. Alihofia kwamba wanawe na mashemeji hulitaja kila siku.

Aliliandika kwenye karatasi, Mwanaidi Hoza, maana kulitamka kungeliharibu.

Karani alicheka. "Bahati ya mtende hiyo, baba! Liko huru kabisa. Mara ya mwisho lilitajwa na shehe, kaburini. Weka kidole hapa uchukue cheti."

Kidole cha Mbaruku kiliganda. Watoto walisema mama, mashemeji na majirani walisema marehemu. Na yeye? Miaka thelathini alimwita Mama Shaibu, kwa kuwa kwao mume hamwiti mkewe kwa jina, na hata mkewe alipokufa, aliendelea hivyo hivyo.

"Baba, watu wamepanga foleni."

"Mwanaidi Hoza," alisema Mbaruku kwa sauti.

Taa ya mashine ikawa nyekundu. Karani alijishika kichwa. "We mzee! Sasa utangoja mwaka mwingine!"

"Singoji."

Nyumbani alilitaja jikoni, akalitaja chumbani, taratibu, kama mtu anayejifunza lugha ya wageni. Ukutani mashine ilihesabu kila mara alipolitaja. Hakukuwa na mwingine wa kumsikia.